Siku tisa kwenye benchi

Juzi mteja mmoja aliniletea kipande cha jezi ya pamba, ile inayovutika, akaniambia wifi yake amejifungua mimba ya miezi saba na mtoto yuko neonatoloji, wodi ya watoto wachanga. Hakujua kitambaa cha kumfungia mtoto kifuani kikatwe vipi. Walimwambia tu: nenda Kadutu, hapa Bukavu, kwa yule fundi aliyekuwa na mtoto wa kuvezi, lile sanduku la joto. Ndiye mimi. Nilimkatia palepale, gauni la harusi la watu nikaliacha mezani, na usiku sikupata usingizi. Basi naandika.

Binti yangu alizaliwa Jumanne tarehe 11 Aprili 2023, siku mbili baada ya Pasaka, mimba ikiwa na wiki 32. Miguu yangu ilikuwa imevimba tangu katikati ya Machi, viatu vya kanisani vikawa havinitoshi, nami nikadhani ni kukaa mno kwenye cherehani. Watu walikuwa wameniletea nguo za Pasaka, nilishona hadi usiku. Jumapili yenyewe kichwa kikaniuma kwa namna nisiyoijua, macho yakaanza kuona vimulimuli, mstari wa mshono ukawa miwili. Baba wa mtoto ni dereva wa taksi. Aliwashusha abiria wake Nyawera akaja kunichukua. Tansio, yaani presha ya damu, ilikuwa 17 kwa 11, wengine husema 170 kwa 110.

Ewe unayesoma ukiwa na mimba: kuvimba uso na mikono, kichwa kisichopoa, vimulimuli machoni, usingoje Jumatatu. Mimi nilingoja wiki tatu.

Walinichoma magnesi ya kuzuia degedege, sindano inayokuchoma joto mwili mzima kama umefunuliwa tanuri usoni. Wakanichoma na ile ya kukomaza mapafu ya mtoto, kila baada ya saa 12, mara nne, hadi Jumanne alfajiri. Namshukuru daktari aliyeipigania. Wengine walitaka nipasuliwe usiku uleule wa Jumapili. Yeye alisema, tukiweza kumpa mtoto siku moja na nusu ya dawa hii, tumpe. Asubuhi ya Jumanne tansio ilipanda tena na hapo hakukuwa na la kungoja.

Nilimsikia akilia mara moja, sauti nyembamba kama zipu inayofungwa haraka. Wakampitisha mbele ya uso wangu amezungushiwa kitenge changu, nikaona pua, wakaondoka naye. Gramu 1,380.

Kazi yangu ni vipimo. Mtu akiingia mlangoni najua kiuno chake kabla hajaketi. Nilipopelekwa kumwona siku ya pili, nimeinama na kidonda cha operesheni, macho yangu yalimpima bila mimi kutaka: paja lake lilikuwa na unene wa kidole gumba changu. Mkono wake wote ungeingia kwenye pete ya ndoa ya baba yake. Nepi ndogo kuliko zote ilimfika makwapani. Alikuwa na mpira puani wa oksijeni na mwingine mwembamba zaidi unaoshuka hadi tumboni, ile sonda, na juu ya kuvezi kulikuwa na kipande cha plasta kilichoandikwa jina langu mimi, si lake. Watanzania wanawaita watoto hawa njiti. Sisi Bukavu tunasema prematire, neno la kidaktari, halikuonyeshi kitu. Njiti linaonyesha. Ndivyo alivyokuwa.

Chumba kilikuwa na kuvezi nne na watoto kumi na mmoja. Nje ya mlango kulikuwa na benchi la mbao lililopakwa rangi ya kijani, na hapo ndipo tulipokaa sisi mama. Kila saa tatu muuguzi alitokea akaita: maziwa! Tukaingia mmojammoja, tukanawa mikono, tukatoa kikombe, tukarudi kwenye benchi. Niliruhusiwa kupitisha mkono mmoja kwenye dirisha la duara la kuvezi, mara moja kwa siku, asubuhi. Wakati mwingine wote nilikuwa mtu wa benchi.

Kukamua maziwa ni kazi, na hakuna aliyenionya. Siku ya kwanza hapakutoka kitu. Siku ya pili yalitoka matone ya manjano mazito, muuguzi akayafuata kwenye ngozi yangu kwa bomba la sindano lisilo na sindano, asipoteze hata moja, yakajaza mililita 1. Akanionyesha: kidole gumba juu na cha shahada chini, pale weusi unapokomea, usukume kwanza kuelekea kifuani, ndipo ubane. Usivute chuchu, utajiumiza bure. Mtoto alikuwa anapewa mililita 3 kila saa tatu kwa sonda. Mililita 3 haifuniki hata kitako cha kikombe cha chai. Lakini kama huna hizo 3 unaona aibu kubwa, unatazama kikombe cha jirani yako kilichofika nusu, na maziwa yanazidi kukauka. Saa tisa usiku, kwenye korido, mama saba tumefunua matiti tunakamua kimya, mvua inapiga mabati. Siku ya nne maziwa yalishuka yote kwa pamoja, nikalowa hadi kitenge, na nilicheka kwa sauti peke yangu.

Nyumbani watu walikuwa wanahesabu. Mama mkwe wangu alikuja na termosi ya buji, uji wetu wa mtama na masoya, akakaa kando yangu kwenye benchi, akaniuliza polepole kama anayeogopa jibu: "Mwanangu, hesabu vizuri. Ni miezi saba ao ni nane?" Kwetu wanasema wa saba anaponaka, wa nane hapana. Wiki 32 ni kati ya saba na nane, kwa hiyo nusu ya ukoo ilikuwa inamlia tayari na nusu nyingine inamsubiri. Nilimwambia ni saba. Sikusema uongo kwa ubaya, nilitaka buji iendelee kuja. Lakini jambo hilo si kweli, na nalisema hapa waziwazi kwa sababu wapo wanaoacha kutafuta hela ya dawa kwa ajili yake: kila wiki mtoto anayoongeza tumboni inamjenga, wa miezi nane ana nguvu kuliko wa saba. Wala simlaumu mama mkwe. Alizika wawili yeye, wakati ambapo hakukuwa na kuvezi wala sonda, na hesabu ile ndiyo pekee aliyopewa ya kushika.

Siku ya tano mtoto aliachishwa oksijeni. Siku ya sita alishuka hadi gramu 1,260. Walinieleza kwamba watoto wote hupungua kwanza, lakini mimi nilisikia tu kwamba gramu 120 zimekwenda na sijui ziko wapi. Siku ya saba akawa manjano, akawekwa chini ya taa ya buluu amefungwa macho. Sikupitisha mkono siku hiyo.

Usiku wa kuamkia tarehe 20 umeme ulikatika.

Bukavu jambo hilo si habari. Mto Ruzizi unatoka ziwani hapahapa chini yetu, una mabwawa mawili ya umeme, na bado tunalala na mishumaa. Siku nyingine jenereta iliwaka upesi. Usiku ule haikuwaka. Mazutu, yaani dizeli, yalikuwa yamekwisha na mwenye ufunguo wa stoo alikuwa amelala kwake, simu haipatikani. Mji wetu uko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na Aprili baada ya mvua baridi yake inaingia hadi kwenye mifupa. Kuvezi isiyo na umeme ni sanduku la plastiki tu. Muuguzi wa usiku tulikuwa tunamwita Yaya, na kwetu yaya si mtumishi wa nyumbani, ni mkubwa wako wa kuzaliwa. Yeye na mwenzake waliwaunganisha watoto wawili wa oksijeni kwenye chupa moja ya akiba, kisha akafungua mlango wa korido, tochi ya simu mdomoni, akaitoa, akasema:

"Bamama, kuyeni bote. Muvue manguo ya juu."

Hakuna aliyeuliza. Alinikalisha sakafuni juu ya godoro, mgongo ukutani. Akapima joto la mtoto kwapani, 35.6. Akamvua kila kitu isipokuwa nepi na kofia na soksi, akamweka wima katikati ya matiti yangu, miguu imekunjwa kama ya chura, uso umegeuziwa upande, akamfunga kwa kitenge changu, akaenda kwa mwingine.

Siku tisa. Ndiyo mara ya kwanza nilipomgusa kwa zaidi ya vidole viwili.

Alikuwa na uzito wa mkasi wangu mkubwa, ule wa kukatia suti. Ngozi yake ilikuwa ya baridi kama kitambaa cha satini kilicholala dukani. Nilikaa bila kusogea. Baada ya muda nilisikia kitu kinakwaruza, kumbe ni kucha zake, alikuwa anafungua na kukunja mkono juu ya mfupa wa kifua changu. Prematire husahau kupumua. Wanampa dawa, yeye alipewa aminofilini, lakini husahau bado. Kwenye kuvezi, alipositasita, ilibidi mtu aone, aende, amsugue unyayo. Pale kwangu nilihisi mwenyewe akinyamaza, nikavuta pumzi ndefu, kifua kikampandisha, naye akaanza tena. Sijui kama ni mimi. Nasema nilivyohisi. Baada ya saa moja na nusu Yaya alipita na kipimajoto. 36.7.

Jenereta iliwaka saa kumi alfajiri. Yaya alikuja kumchukua amrudishe kwenye kuvezi, akatuangalia, akasema, "Acha kwanza."

Hasira haikuja usiku, ilikuja asubuhi nilipokuwa nakamua. Maziwa yalitoka mara mbili ya jana. Nikafikiri: kifua hiki kilikuwa hapa, nje ya mlango, kwenye benchi la kijani, joto lake halihitaji mazutu, na kwa siku tisa hakuna aliyekiomba. Nikamuuliza Yaya. Hakujificha. Alisema walifundishwa kungoja mtoto afike gramu 1,500, apate uzito, atulie kwanza. Alisema wao ni wawili kwa watoto kumi na mmoja na chumba hakina viti, mama saba wakiingia hakuna pa kupita. Alisema pia, na hili ndilo nililolishika, kwamba yeye mwenyewe aliona zamani kwamba wanaowekwa mapema wanakua vizuri, ila hajawahi kuwa na karatasi ya kumwonyesha mkubwa wake.

Karatasi ilikuwepo. Daktari mmoja kijana wa mafunzo alinisomea kwenye simu yake, aya kwa aya, kwa Kifaransa. Njia hii ya kumfunga mtoto kifuani ilianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, kwa daktari Edgar Rey Sanabria, aliyekuwa na watoto wengi na kuvezi chache, kama sisi. Mwaka 2021 ulitoka utafiti uliofanywa hospitali za Ghana, Uhindi, Malawi, Nigeria na Tanzania, watoto zaidi ya 3,000 wenye gramu 1,000 hadi 1,799. Nusu walingoja watulie kwanza, nusu wakawekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa. Waliowekwa mapema, vifo vilipungua kwa robo. Robo! Na Novemba 2022 Shirika la Afya Duniani likabadilisha maelekezo yake: mtoto prematire aanze kifua kwa kifua tangu kuzaliwa, saa 8 hadi 24 kwa siku, isipokuwa yule asiyeweza kupumua mwenyewe bila mashine au aliye katika hali mbaya ya mshtuko. Binti yangu alizaliwa miezi mitano baadaye na gramu 1,380. Alikuwa anapumua mwenyewe, na oksijeni kidogo puani. Alikuwa sawa na wale watoto 3,000.

Simwandiki mtu vibaya. Waliomponya ni wauguzi haohao, wenye mshahara unaochelewa, na Yaya nitamwombea hadi nife. Nasema tu kwamba maelekezo yanaweza kuandikwa Geneva na yasifike kwenye benchi, na mama wa kwenye benchi anaweza kuuliza. Uliza kwa heshima, siku ya kwanza: "Muganga, mtoto wangu anaweza kukaa kifuani leo? Kama hapana, ni kwa sababu gani, na nirudi kuuliza lini?" Ukiwa kitandani na operesheni, mtume dada yako au baba wa mtoto. Baba ana kifua pia. Wangu alikuja baada ya zamu ya taksi, akanawa hadi kwenye viwiko, akafungwa mtoto, akalala wima kwenye kiti na mdomo wazi saa mbili nzima. Wamama wengine walimcheka siku ya kwanza. Siku ya tatu waume wao wawili walikuwa wamekaa kando yake.

Tulikaa siku 37. Nyingine sikumbuki, zilikuwa za maziwa na mizani: 1,290, 1,310, 1,300, 1,345. Tarehe 4 Mei nakumbuka. Mafuriko yalishuka Kalehe, kwenye vijiji vya Bushushu na Nyamukubi, siku ya soko, yakachukua watu zaidi ya 400. Mama wa godoro la kando yangu ni mtu wa kule. Simu zilianza kuja. Alilia mpaka sauti ikamwishia, mtoto wake wa gramu 1,500 amelala kifuani mwake, na sisi tulipojaribu kumpokea mtoto ili apumzike, alikataa kwa mikono miwili. Alikaa naye hivyo hadi kesho yake. Tulimlisha kwa kijiko, bugali na sambaza, dagaa wa ziwa letu, kama wanavyolishwa wafiwa.

Bili ilikuwa dola 412. Nilikuwa na cherehani mbili, sasa nina moja. Kuna mama tuliwaacha mle ndani ambao watoto wao walishafika gramu 2,000 na wamepona, lakini hawana pa kutoa hela, na mlinzi wa lango anawajua kwa sura. Ndugu yako akiwa neonatoloji, usiende kuuliza ni miezi saba au nane. Nenda na chakula cha moto, na kama unazo, dola tano za bili. Kaa na simu yake akalale saa moja.

Tulitoka Alhamisi ya Kupaa, tarehe 18 Mei, na gramu 1,850. Niliendelea kumfunga kifuani nyumbani hadi alipokataa mwenyewe, akaanza kurusha miguu na kujichomoa. Alikuwa na gramu 2,600. Hapo nikampa jina mbele ya watu, ingawa mimi nilikuwa nimemwita tangu usiku wa mazutu: Aksanti.

Kuhusu kitambaa, kwa kuwa wengi wananiuliza. Kitenge ni kizuri lakini kinafunguka ukilala, na mama mwenye operesheni hawezi kukaza fundo kila saa. Mimi nashona mrija wa jezi ya pamba, kimo sentimita 50. Mzunguko nachukua kipimo cha kifua chini ya makwapa, natoa sentimita 8, ili kibane bila kumkaba. Mshono unakaa nje, usimkwaruze. Mama anavaa kama sketi, anakipandisha. Ukingo wa juu ufike chini ya sikio la mtoto, shingo iwe imenyooka kidogo kama anayenusa, na uone pua yake wakati wote bila kufunua. Usitumie kitambaa cha nailoni, kinatoa jasho na kinateleza. Kipande kimoja cha mita moja kinatoa mirija miwili, kwa hiyo aliyeleta mita moja aulize kwenye benchi nani mwingine anahitaji. Ufundi wangu silipishi.

Yule mteja amenipigia leo mchana. Wamekubali. Wamemfunga mtoto tangu saa nne asubuhi, siku yake ya tatu duniani. Nilimuuliza ana gramu ngapi, akasema 1,210. Nimeiandika kwenye daftari la vipimo, chini ya mabega na kiuno cha bibi harusi.